Mchezo wa Bombani

Mahajanga,
Jumapili, baada ya adhuhuri

Dada yangu Mwanakombo,

Shikamoo. Najua umeitikia huku unasonya, maana tangu Mfungo Mosi hujapata hata mstari mmoja kutoka kwangu, na haki ya kusonya unayo. Niambie kwanza goti lako likoje. Bado linakusumbua ukipanda ngazi? Shemeji bado anazozana na wakubwa wake wa reli? Na yule jogoo wenu mweupe mkorofi, mmeshamla au bado anawatawala? Mimi mwili mzima, namshukuru Mola. Echata mke wangu naye mzima, anakuamkia sana. Nasema mwili, Dada, kwa sababu moyo una habari nyingine, na hiyo ndiyo iliyonishikisha kalamu.

Barua hii nampa baharia mmoja ambaye meli yao itatia nanga Tanga kabla ya mwisho wa mwezi. Naiandika kwa Kiswahili chetu, na raha yake ni kama kuvua viatu vya kubana. Hapa Kiswahili hakinunui hata muhogo. Wazee wa msikitini wamebaki nacho cha dua na cha bei za nguo. Nyumbani kwangu ni Kingazija, sokoni Kimalagasi, ofisini Kifaransa, na mimi navichanganya vyote mpaka Echata anashika mbavu.

Ile kampuni yangu ya michezo ya kuigiza uliyoicheka sana, ukasema mtu mzima na ndevu zangu najipaka masizi usoni mbele za watu, imekua. Mkoa huu hakuna nyingine. Mimi ndiye mkuu wake, maana yake mimi ndiye wa kutafuta ukumbi, kuazima taa, kushona kanzu ya mfalme, na kupatanisha wanawake wawili wanaotaka wote kuwa malkia. Tunacheza hapa mjini, tunakwenda mpaka Belobaka kwenye barabara ya bara, na mara moja kwa mwaka tunapanda meli kwenda kisiwa cha Nosy Be. Sijatajirika, lakini nikipita barabarani watu wananiita kwa jina la mchezo wa mwisho. Kwa mtu mwenye majivuno kama yangu hiyo ni riziki tosha, na usicheke.

Sasa sikiliza. Mwaka jana alipita hapa Mmarekani mmoja mwenye miguu mirefu, mpole, na sanduku la picha anazozimulika ukutani. Alikuja kuzungumza juu ya michezo ya kuigiza ya kwao. Sisi wa kampuni tulikaa mbele kabisa, na Zafy akawa mkalimani wetu. Zafy ni Mmalagasi, mwalimu wa shule ya msingi, mchezaji wangu bora na rafiki yangu. Mmarekani akasema kwao watu wameanza kuchoka na majumba makubwa ya Niu Yoki yenye mapazia ya mahameli na tiketi za matajiri. Sasa kila mji wa kando unataka kampuni yake wenyewe. Wengine wanacheza kwenye gereji, wengine kwenye kanisa lililoachwa, wengine kwenye vyumba vya kunywea kahawa. Pazia wamelitupa. Jukwaa wamelishusha chini, watazamaji wanakaa duara kulizunguka. Na jipya kuliko yote, alisema, mchezaji anaketi katikati ya watazamaji, kavaa kama wao, kisha anainuka ghafla na kupiga kelele, na hakuna anayejua ni mchezo au ni kweli. Hapo watu wanaamka, alisema, wanaacha kutazama, wanaanza kushiriki.

Dada, nilitoka pale kichwa kinawaka! Miaka yote hii nahangaika na pazia la shuka la Echata linalokwama kila siku, kumbe wakubwa wa dunia wamelitupa. Nikamwambia Zafy, na sisi ni mji wa kando, kwa nini tubaki nyuma? Akaniambia, "Wewe tunga, mimi nitapiga kelele."

Nikatunga. Mahali ni bombani, bomba la maji la mtaa, kwa sababu hapa kila ugomvi unaanzia bombani. Mwanamke wa Kimalagasi kapanga ndoo yake tangu alfajiri, anakuja Mngazija anataka kupita mbele. Wanatukanana, wanamwagiana maji, na mwishoni inajulikana kwamba watoto wao wameshachumbiana kwa siri, ikabidi wazee wakae kula sahani moja. Basi, ni kichekesho tu. Sehemu ya Mngazija nilimpa Madi, ndugu pekee wa Echata, Mngazija kweli. Huyu anachoma mikate katika tanuri moja karibu na soko, na ana uso ambao hata akikuomba chumvi unacheka. Zafy nikamketisha kwenye mikeka katikati ya watu. Ugomvi ukipamba moto ainuke, apaze sauti kwa Kimalagasi: "Rudi kwenu, Mngazija, na ndoo yako uibebe!" Naye Madi amjibu: "Kwetu ndiko huku, shemeji! Muulize dada yako jana alimpikia nani!"

Utaniuliza akili hiyo niliipata wapi. Niliipata kwetu. Unakumbuka maziko ya Baba, yule mtani wetu Mnyamwezi wa shamba la mkonge alivyoingia kaburini akalala chali, akasema hatoki mpaka apewe jogoo, na kwamba marehemu alikuwa mchoyo kama wanawe? Mama alikuwa analia, akacheka, akalia tena. Mimi nimekulia katika matusi ya namna hiyo. Ninajua mtu akikutukana mbele za watu na wewe ukamrudishia, mmeshakuwa ndugu. Nikamweleza Zafy habari ya utani, akafurahi sana, akasema hata wao wanao, tangu enzi za mababu. Mimi nikaridhika, sikumuuliza wanao na nani.

Mara ya kwanza tulicheza hapa Mahajanga. Zafy aliinuka, akapiga kelele, ukumbi ukashtuka. Madi akamjibu, na watu wakacheka mpaka benchi moja likavunjika, Wangazija na Wamalagasi pamoja. Nilijiona mfalme. Kitu kimoja tu nilikiona nikakipuuza: Zafy alipoketi, mtu aliyekuwa kando yake alimpigapiga begani. Nikadhani anamsifu kwa kuigiza. Kumbe hakujua kama anaigiza.

Belobaka tulicheza kwenye banda la bati pale malori yanapopumzika. Huko Zafy hakuwahi kumaliza maneno yake. Alipofika kwenye "rudi kwenu" watu wengine wawili walikwisha inuka, kisha watatu, wanayasema naye. Jibu la Madi halikusikika. Tuliocheka tulikuwa sisi wenyewe nyuma ya turubai, tena tulicheka kwa mazoea. Mchezo ulipokwisha Zafy alinijia, uso wake umebadilika rangi.

"Shomari, yule wa kushoto kwangu alinishika mkono. Ameniambia, 'Asante, ndugu, umetusemea.'"

"Si ulisema utani mnao?"

"Tunao. Koo na koo, tangu mababu. Lakini si na hawa."

"Mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza. Nilidhani unajua. Utani unarithiwa, bwana, hautungwi na mtu."

Nilikaa juu ya ngoma yetu. Mama alikuwa akituambia mzaha mzaha hutumbua usaha, nasi tukidhani anatukataza tu kurushiana maganda ya machungwa. Na hali ya hapa, Dada, si kama ulivyoiona ulipokuja kwenye harusi yangu. Tangu bendera mpya ipande, neno mgeni limekuwa na makali. Visiwa vya Wangazija bado viko chini ya Mfaransa, kwa hiyo mtu aliyezaliwa hapa, na mama yake akazaliwa hapa, anaambiwa ofisini alete karatasi za kwao. Hakuna anayepiga mtu. Hakuna anayevunja duka. Watu wanasalimiana kama jana. Ila dalili ya mvua ni mawingu, nami niliyaona nikayaita kivuli.

Safari ya Nosy Be ilikuwa imeshakubaliwa, na bwana mmoja wa mkoa anayeshughulikia sherehe za bendera alitaka kuja kututazama mwenyewe. Nikasema tutakwenda, lakini kelele ya Zafy naikata. Hatakaa na watu. Atakaa nyuma na mimi, atapiga ngoma. Madi nikamfundisha kuliruka jibu lake aende moja kwa moja kwenye kumwagiana maji. Tukafikia kijiji cha Ambondrona kwa jamaa zake Zafy, wakatupa samaki mpaka tukachoka, na upepo wote wa kisiwa kile unanukia maua ya mlangilangi. Madi aliogelea, akaigiza yule Mmarekani angekunjaje miguu kwenye mtumbwi, mimi nikacheka hadi machozi. Nilijiambia mambo yamekwisha, Belobaka palikuwa na walevi tu.

Tulicheza alasiri, kwenye uwanja wa shule. Mchana kweupe, Dada, kila uso nauona. Watu walikaa duara, wengi, na baadhi yao walikuwa wametuona hapa Mahajanga, maana meli ya kwenda na kurudi ni ileile. Mambo yakaenda vizuri. Yule mwanamke wa mchezo akamtukana Madi, Madi akamtukana, watu wakacheka. Tukafika mahali ambapo zamani Zafy alikuwa akiinuka. Zafy alikuwa kando yangu, kaishika ngoma. Kukawa kimya kidogo tu, kimya cha mtu kuvuta pumzi.

Sauti ikatoka kwa watu: "Rudi kwenu, Mngazija, na ndoo yako uibebe!"

Maneno yaleyale, neno kwa neno. Ilikuwa sauti ya mwanamke. Halafu upande wa pili mwanamume. Halafu wengi, na wakaanza kuyapigia makofi, kwa mwendo mmoja, kama wanavyoimba kwenye harusi. Wengi wao walikuwa wanatabasamu. Wangekuwa wamekasirika ningejua la kufanya.

Madi hakuliruka jibu. Alilitoa lile la shemeji na dada yako, kwa uso wake wote wa kuchekesha. Hakuna aliyecheka. Akalirudia, sauti imepungua. Makofi yanaendelea. Basi akaiweka ndoo chini, akasema kwa sauti yake mwenyewe, ile anayonisemesha nyumbani: "Niende wapi? Mimi nimezaliwa Mahajanga, mtaa wa Mahabibo, nyuma ya soko. Mama yangu pia. Niambieni, niende wapi?"

Akainuka mtu mmoja, shati jeupe limepigwa pasi, mtu wa makamo, mwenye heshima zake. Akaingia katikati ya duara. Akaiokota ile ndoo, akamkabidhi Madi kwa mikono miwili, kwa adabu, kama unavyomkabidhi mgeni mzigo wake. Halafu akanyoosha mkono kuonyesha baharini.

Uwanja mzima ukapiga makofi.

Zafy akaitupa ngoma, akakimbia katikati. Akapiga kelele: "Huu ni mchezo! Maneno hayo ni yangu, mimi ndiye niliyekuwa nayasema, nilikuwa naigiza! Huyu ni rafiki yangu!" Akamkumbatia Madi. Nao wakampigia makofi vilevile, wakamcheka, wakaona anaigiza vizuri. Walidhani ni sehemu ya mchezo, Dada! Nikatafuta kitu cha kuumaliza. Mikono yangu ilikuwa inapapasa hewani, natafuta pazia nilishushe. Hatukuwa na pazia. Tulikuwa tumelitupa. Ikabidi tuondoke mmoja mmoja, tupite katikati yao, Madi na ndoo yake, na wao wanatupisha njia vizuri tu.

Yule bwana wa mkoa alinifuata akanishika mkono kwa nguvu. Alisema hajaona mchezo kama ule, watu wenyewe wanasema yaliyo moyoni. Anautaka siku ya sherehe, kisha katika kila mji wa mkoa. Na yule wa shati jeupe asikose.

"Yule si mchezaji wangu," nikamwambia.

Akacheka. "Basi mtafute umwandike."

Nimemjibu hapana, Dada. Nimekwenda ofisini kwake tuliporudi, nikamwambia mchezo ule umekufa, atafute mwingine. Hakukasirika. Alisema si kitu, watu wanaujua tayari. Tangu siku hiyo ukumbi tuliokuwa tukipewa haupatikani, kila nikienda kuna mkutano. Zafy amehamishiwa shule ya mbali bara. Hakuna aliyetuambia kwamba tumefukuzwa. Nilimpeleka Zafy hadi kwenye lori, akanishika bega, akapanda.

Nami nikadhani nikiuua mchezo, yamekwisha. Ulimi hauna mfupa, lakini angalau huwa unachoka. Hautachoka huu. Wiki iliyopita mama mkwe wangu, mama yao Echata na Madi, alikwenda bombani asubuhi kama alivyokwenda siku zote za maisha yake. Ni mzee, Dada, anakwenda kwa sababu anapenda kuzungumza na wenzake kwenye foleni. Alirudi na ndoo kavu. Akaiweka mlangoni, akasema foleni leo ni ndefu, akaingia chumbani. Ni jirani ndiye aliyemwambia Echata. Walimwimbia. Wanawake aliowazalisha kwa mikono yake walimwimbia maneno yangu, na makofi yake, kwa mwendo uleule wa Nosy Be. Wengine walikuwa wanacheka, wakimwambia, "Bibi, usikasirike, ni mchezo wa mkweo."

Echata hajanilaumu. Angenilaumu ningepumua. Amechukua ile ndoo, sasa anakwenda yeye, na mimi nakwenda naye, nasimama kando yake kama askari. Hawasemi kitu nikiwapo. Wananiamkia.

Lakini ninayemhofia ni Madi. Uso wake ndio watu wanaoujua. Yeye ndiye Mngazija wa bombani, mji mzima unamwita hivyo, na mkate akiutoa tanurini kuna wanaousukuma pembeni wanadai wa mkono mwingine. Juzi mtu alimsubiri nje ya tanuri na ndoo tupu, akampa kwa mikono miwili, akaenda zake. Hakumgusa. Kesho yake wakawa watatu. Sijui kesho kutwa watakuwa wangapi, na sijui mikononi watakuwa na nini. Naogopa, Dada. Mimi Shomari niliyelala makaburini kwa kushindana na wenzangu, naogopa mchana.

Kwa hiyo ninaloomba ni hili. Nimpakie Madi kwenye meli ya huyu baharia safari yake ijayo, umpokee Tanga. Hana makuu. Chumba cha uani kinamtosha, na mkate anaujua. Hata yule tajiri wa Ngamiani mwenye tanuri atamgombania. Mpe mwaka mmoja, hadi watu hawa wapate kingine cha kuimba.

Nilimwambia jana. Tulikuwa tunakula, mama yake yupo, Echata yupo. Alinisikiliza hadi mwisho, akawa anaukatakata mkate bila kuula. Kisha akaniuliza, "Shemeji, nikifika huko Tanga nikashika foleni bombani, watu wa kwenu wataniita nani?"

Majibu mimi sikosi, wewe wanijua. Hili nikamwambia nitakuuliza wewe.

Msalimie shemeji, mwambie aache kuzozana, afunge mdomo wake kwa mwaka huu. Mama mdogo wa Chumbageni umbusu mikono kwa niaba yangu. Mwalimu wetu wa chuoni, kama bado yu hai, mwombe anisomee Yasini, asiulize kwa nini. Yule mwanao wa mwisho anayependa kuigiza mbele ya kioo, msalimie, na sina la kumshauri. Barua hii usiwasomee, wape salamu tu.

Kisha fanya moja, usinitumie mtu, nenda mwenyewe na goti lako hilo. Barabara ya kumi kuna Mngazija mshona kofia, yule aliyemshonea Baba. Mpite asubuhi, wakati watu ni wengi. Tazama kama bado anafungua mlango wake mzima au nusu. Simama kidogo usikie wanaopita wanamwambiaje, sasa na nyinyi mna bendera yenu. Uniandikie ulichosikia, kilekile, bila kunionea huruma. Jibu lako ndilo nitakalomsomea Madi, na akishalisikia ndipo tutajua kama apande meli.

Mimi ndugu yako ninayekusubiri,
Shomari